Pua ya Wenseslaus na Land Rover ya Usharika

Fundi Wenseslaus haanzi na boneti. Ukimpelekea gari, hata kama linatoa cheche mbele, atakupita bila salamu, atakwenda nyuma, atachuchumaa kwenye bomba la moshi, ekzosi kama wanavyoiita wenyewe, na atakuambia upige resi. Kisha atafumba macho na kunusa. Siku ya kwanza nilipomwona nilidhani ni mtu mwenye matatizo, nikamhurumia mkewe. Sasa huu ni mwaka wa kumi na nne nauza chai, chapati na mtori mlangoni pa gereji yake hapa Majengo, na nimeacha kumhurumia mkewe kwa sababu hiyo. Zipo sababu nyingine.

Ana vitambaa saba vyeupe, kimoja kwa kila siku ya wiki, na mkewe, aitwaye Dominika, ndiye anayevifua huku akilalamika mtaa mzima usikie. Wenseslaus hukishika kitambaa nyuma ya ekzosi, akahesabu hadi kumi, kisha akakisoma kama wengine wanavyosoma barua kutoka nyumbani. Masizi makavu, injini inakunywa petroli kupita kiasi. Doa la mafuta, oili inapanda kwenye pistoni. Unyevu wenye harufu tamu tamu, maji ya rejeta yanaingia yasikotakiwa. Haya yote huyasema kabla hajagusa spana, na wenye magari hukasirika, maana wengi wanakuja wakiwa wameshaambiwa na mashemeji zao kwamba tatizo ni plagi.

Kuna mwalimu mmoja aliyeleta gari lililokuwa likipanda mlima kwa kukohoa na kuzima. Mafundi watatu walikuwa wameshabadilisha vitu vitatu. Wenseslaus alinusa, akasema humo ndani mna parachichi, tena la kienyeji, si lile la kisasa la kuuzwa nje. Tulicheka. Akaingiza waya, akavuta, na kokwa likatoka likifuatwa na uji mweusi. Mwalimu alikumbuka kwamba aligombana na jirani yake wakati wa mavuno, akaondoka bila kuaga.

Msimguse tu kwenye jambo la sega. Magari ya miaka ya karibuni yana kitu kama sega la nyuki ndani ya ekzosi, kazi yake ni kuusafisha moshi, na likiziba mafundi wengine hulipasua kwa nondo wakalitupa. Wenseslaus akisikia habari hiyo hupandisha sauti mpaka chai yangu inapoa. Anasema mtu anayepasua sega ni sawa na mtu anayetoa mapafu ili apumue vizuri.

Ana udhaifu mmoja na haufichi. Ni Mkatoliki wa Kibosho, na Jumapili akitoka misa ya pili hupitia kilabuni kunywa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Hatukani mtu, haanguki, anaimba tu nyimbo za kwaya kwa sauti ya pili, hata kama hakuna anayeimba ya kwanza. Lakini mji huu ni mdogo, na kila mtu anajua kwamba Jumapili saa kumi jioni huwezi kumwuliza Wenseslaus kitu cha maana. Jambo hilo lilitugharimu, kama mtakavyoona.

Mimi ni Justina, mzaliwa wa Masama, Mlutheri. Mtoto wa mjomba wangu anaitwa Eliudi, naye ni mwinjilisti katika usharika wa kwetu. Huzunguka mitaa ya juu kule karibu na msitu, kubatiza, kuzika, kusali na wagonjwa, kwa Land Rover ya petroli ambayo wamisionari waliiacha wakiwa wameshaichoka wao wenyewe. Mlango wake wa nyuma unafungwa kwa mpira wa tyubu. Raba ya kwenye mguu wa gia ilipasuka zamani, ukikaa mbele unaiona barabara kwa chini, na watoto huipenda sana nafasi hiyo.

Jumanne moja ya mwezi wa saba, Eliudi alikuja kwangu bila kulizima gari, kwa sababu likizimwa lazima lisukumwe. Aliketi, akaweka barua mezani pembeni ya sahani ya chapati. Ilikuwa imeandikwa na Mzee Elimringi, mwenyekiti wa baraza la wazee, kwa mwandiko wake uliosimama wima kama yeye mwenyewe. Ilisema kwamba Jumapili baada ya ibada baraza litakaa kuzungumzia ulevi wa Mwinjilisti Eliudi. Wazee wakikubaliana angevuliwa kazi yake, na mwezi huo huo angetoka kwenye nyumba ya usharika, yeye na mkewe Elisifa na watoto watatu.

Eliudi mlevi. Ningeweza kucheka. Siku ya kipaimara chake babu yetu alimpa mbege kidogo kwenye kata, naye akaumwagia mgomba mbele ya ukoo mzima, na babu hakumsemesha kwa mwezi. Lakini aliponisimulia yaliyotokea, kicheko kilinikauka. Kwanza, alikuwa akisali nyumbani kwa mgonjwa, akasinzia katikati ya sala yake mwenyewe, watu wakangoja amina mpaka chakula kikapoa. Wiki mbili baadaye alifika kwenye msiba huku kichwa kinampasuka, akamshika mjane mkono na kumpongeza kwa harusi njema. Mara ya tatu aliteremka garini macho mekundu, akayumba, akakosa ngazi za kanisa. Mzee Elimringi alipomwinua aliinama karibu na kifua chake, na kila aliyekuwepo aliona pua ya Mzee ikifanya kazi.

Na mimi pia, Mungu anisamehe, nilimnusa. Nilijifanya namwongezea chai, nikainama. Koti lake lilinuka mbege. Nikajisemea moyoni, basi ndiyo hivyo, amevaa miwani, analewa kama wanaume wengine. Nikarudi kwenye jiko langu bila kumwangalia usoni.

Wakati huo Wenseslaus, ambaye hawezi kuona ekzosi inayotoa moshi akaiacha, alikuwa ameshachuchumaa nyuma ya Land Rover bila kuombwa. Alirudi na kitambaa cha Jumanne, safi kabisa, akiwa amekasirika. Akamsalimia Eliudi vizuri, akamwuliza, "Mwinjilisti, huku nyuma unatoka moshi kidogo mno kwa injini kubwa kama hii. Mwingine unakwenda wapi?"

Eliudi alisema hajui, na kwamba ana matatizo makubwa kuliko moshi. Wenseslaus alivuta kigoda, akaisoma ile barua bila ruhusa, akaanza kuuliza maswali yake. Kichwa kinauma ukiwa wapi? Kule juu. Na hapa mjini? Hapana, hapa mjini ni mzima. Ukiendesha kwenda juu, madirisha unafungua au unafunga? Eliudi alishangaa. Alisema mwezi wa saba kule juu ni ukungu na baridi ya kuuma mifupa, nani atafungua dirisha. Wenseslaus aliitikia kwa kichwa taratibu, akaniomba kisu.

Kwenye gereji yake kuna ndoo ya maji ambayo ndani yake daima kuna kipande cha mgomba. Mafundi wengine wakitaka kujua ekzosi inavuja wapi huiziba mwisho wake kwa kitambaa. Yeye huchonga mgomba, kwa sababu unachongeka kwa saizi yoyote na umejaa maji, hauungui. Alichonga kizibo, akakipigilia kwenye mdomo wa ekzosi. Akanieleza, kama anavyonieleza kila mara, kwamba injini yenye bomba zima ikizibwa namna hiyo hukosa pumzi na kuzima. Tukangoja. Land Rover iliendelea kuunguruma kwa raha zake, kama mtu uliyemziba mdomo kumbe anapumulia puani.

Akaingia uvunguni na tochi. Alikaa humo muda mrefu mpaka nikadhani kasinzia na yeye. Alipotoka alikuwa ameshika kitu cheusi kidogo kati ya vidole viwili. Alikinusa. Akakigusa kwa ncha ya ulimi, na nilishukuru kwamba Dominika hayupo.

"Machicha," alisema. "Machicha ya mbege. Ulezi, ndizi, na msesewe mwingi kuliko inavyotakiwa. Aliyeipika hii ana mkono mzito."

Tukainama wote watatu. Katikati ya bomba, chini ya viti vya mbele kabisa, palikuwa na bandeji nene kama mguu uliofungwa plasta. Mtu alikuwa ameziba ufa kwa machicha yaliyokandwa na udongo, akayazungushia gunia, akafunga juu kwa kamba za mgomba mkavu. Nje ilikuwa imekauka na kuungua. Kila gari lilipopanda kwenye ukungu ililowana, na kila bomba lilipopata moto ilianza kufuka upya, moshi wa injini na harufu ya mbege vikapanda pamoja kupitia tundu la gia.

Wenseslaus aliacha utani alipofika hapo. Alimwambia Eliudi kwamba harufu ni jambo dogo. Ule moshi una sumu isiyo na harufu wala rangi, ile ile ya jiko la mkaa linaloachwa kwenye chumba kilichofungwa, na watu wanaolala nalo hawaamki. Kuumwa kichwa, macho mekundu, kusinzia, kusema maneno yasiyo mahali pake, yote ni sumu hiyo. Kama barabara ya kwenda juu ingekuwa ndefu zaidi kwa nusu saa, msiba uliofuata ungekuwa wake.

Eliudi aliuinamia tena uvungu wa gari. "Kwa hiyo sinywi?" aliuliza.

Hapo ndipo moyo wangu ulipouma. Mtu ambaye hajawahi kumeza funda alikuwa ameshaanza kuamini kwamba huenda anakunywa bila kujijua. Alisema Elisifa mkewe amekuwa akilifua koti lake kimya kimya, mara mbili kwa wiki, na akimwuliza kama anamwamini anajibu kwamba anamwamini, halafu anageukia ukutani. Nilimkatia chapati nyingine, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kufanya na mikono yangu.

Nilimwambia Wenseslaus afunge kazi hiyo upesi, achomelee, tumalize. Akakataa. Alisema akichomelea ushahidi umekwisha, na wazee watabaki na pua zao. Alichukua ufunguo wa gari, akamwambia Eliudi apande bodaboda hadi Jumapili, na akaniambia mimi nijiandae kumwonyesha njia ya Masama.

Wiki ile Dominika alikuja kwangu mara tatu kuniuliza mumewe anaumwa nini hata anasema Jumapili hatakunywa. Jumapili alfajiri Wenseslaus alikwenda misa ya kwanza badala ya ya pili, akarudi amenyooka, akanywa chai ya rangi, akavaa suti ya harusi yake. Suti ilikuwa imebana, lakini mtu ndani yake alikuwa mkavu kabisa. Dominika alimshika paji la uso kuona kama ana homa.

Tulipanda Masama madirisha yote yakiwa wazi na mlango wa nyuma umefungwa wazi kwa ule mpira. Nilivaa kanga mbili, sweta na blanketi, na bado meno yangu yaligongana kuanzia Kwa Sadala hadi geti la kanisa. Wenseslaus hakuniruhusu nifungue mdomo kulalamika. Alisema baridi haijawahi kumfanya mtu ampongeze mjane.

Wazee saba walikuwa wameshatoa viti nje ya ofisi ya usharika, maana jua lilikuwa limejitokeza kidogo kwenye ukungu. Eliudi alikaa peke yake upande wa pili. Mzee Elimringi alisimama na koti lake zito la kijivu, koti analolivaa mwezi wa kwanza na mwezi wa saba bila ubaguzi. Tulimwamkia, shikamoo, akatuitikia marahaba. Wenseslaus alipojitambulisha na kusema amekuja kumtetea mwinjilisti, uso wa Mzee ulikaza. Alisema, kwa heshima lakini kwa sauti ya watu wote kusikia, kwamba habari za fundi wa Majengo zinafika hata Masama, na kwamba baraza hili halijafikia mahali pa kumwita mnywaji awe shahidi wa ulevi.

Wazee wengine walikohoa. Nilitaka kujibu, na kwa hasira niliyokuwa nayo ningeharibu kila kitu. Wenseslaus alinitangulia.

"Ni kweli nakunywa, Mzee wangu," alisema. "Ndiyo maana nawajua wenzangu tunaokunywa. Huyu hayumo."

Hakungoja ruhusa. Aliomba koti moja, koti zito, lililo safi, koti ambalo hakuna mtu hapo angethubutu kulishuku. Wazee sita wakageuza vichwa kwa pamoja kuliangalia la kijivu. Mzee Elimringi alilivua bila kusita, na niliona kwamba alifurahi kidogo. Wenseslaus alilikunja vizuri, akaliweka kwenye kiti cha dereva, akafunga madirisha yote na milango yote. Alimwita kila mzee aje aangalie mwenyewe kwamba ndani hamna mtu. Alisema hataki mtu humo, maana atakayekaa atakufa, na asipokufa atasema maneno ya Eliudi.

Gari lilikuwa bado linaunguruma. Akapigilia kizibo cha mgomba nyuma. Akafungua boneti, akamimina vijiko viwili vya oili chafu kwenye kabureta, kwa sababu sumu haionekani na wazee walitaka kuona. Tukasimama kuizunguka ile Land Rover kama watu wanaongoja mtu atoke. Kwanza hapakuwa na kitu. Halafu pale kwenye mguu wa gia uzi mweupe ukapanda, ukanenepa, ukagusa paa, ukashuka tena, na kabla sijamaliza kuhesabu mia mbili hatukuweza tena kuliona koti. Mzee mmoja alivua kofia.

Wenseslaus alizima injini na kufungua milango. Aliacha upepo ufanye kazi yake kwa muda mrefu, kisha akalitoa koti, akampa mzee wa kwanza anuse. Lilipita mkono kwa mkono kama kapu la sadaka. Na hapa lazima nieleze, kwa sababu ndilo jambo lililowaliza baadaye kwa kucheka watu wote wa Majengo nilipowasimulia.

Mbege si moja. Kila mpishi ana mkono wake. Mke wa Mzee Elimringi, Mama Loveness, anajulikana kuanzia Masama hadi bondeni kwa kuitia gome la msesewe kwa wingi, ichachuke na kuwa chungu. Mbege yake ndiyo inayoletwa kwenye mambo ya ukoo, kwenye posa, kwenye kutambika kule ambako wazee wa kanisa hawapaswi kuwepo. Mzee wa kwanza alilinusa koti, macho yakamtoka, akampa wa pili haraka kama kaa la moto. Wa pili akanusa, akaanza kuchunguza viatu vyake. Wa tatu, wa nne, hadi wa sita, hivyo hivyo. Kila mmoja wao aliitambua mbege ya Mama Loveness, na hakuna hata mmoja aliyeweza kusema, maana angeulizwa ameijuaje.

Wenseslaus, ambaye hakumjua Mama Loveness wala mumewe, aliendelea kufundisha. Alieleza ulezi, ndizi, msesewe mwingi, mkono mzito. Nilimvuta suti. Hakunielewa.

Koti lilirudi kwa mwenyewe. Mzee Elimringi alilinusa mara moja tu. Alibaki amelishika mikononi, halivai, haliachi. Kisha akaomba aione hiyo bandeji. Wenseslaus aliingia uvunguni na suti ya harusi, akaikata, akailaza kwenye majani mbele ya viti. Ilikuwa bado inafuka. Mzee aliinama, akaigeuza kwa ncha ya fimbo mpaka akaiona kamba ya mgomba na namna ilivyofungwa.

Angeweza kunyamaza. Hilo ndilo ninalolifikiria hadi leo. Wazee sita wasingefumbua midomo, fundi hakujua lolote, na mimi nani angenisikiliza. Eliudi angeachiwa, na ingesemwa kwamba ni mambo ya gari kuukuu.

"Fundo hili ni langu," Mzee Elimringi alisema.

Alisimulia akiwa amesimama. Mwezi wa tano aliliazima gari la usharika kupeleka ndizi sokoni Himo, jambo ambalo hakuwa amemwomba mtu ruhusa. Wakati wa kurudi aligonga jiwe, bomba likapasuka, gari likanguruma hadi kuku wakakimbia. Aliona aibu kulirudisha hivyo. Nyuma alikuwa na debe la machicha aliyokuwa amempelekea dadake kwa ajili ya ng'ombe, akakuta ana mengi, akauziba ufa kama baba yake alivyomfundisha kuziba mzinga wa nyuki. Kelele zilipungua, akaliegesha mahali pake, akasahau. Kisha akaketi wiki sita kumhukumu mtu kwa harufu ya nyumbani kwake mwenyewe. Alipofika hapo sauti yake ilikatika, naye ni mtu ambaye hata kwenye mazishi ya mwanawe hakukatika sauti.

Akaliacha koti kwenye kiti, akatoka kwenda kwenye ua wa kiwanja cha kanisa. Huku kwetu mipaka yote imepandwa isale, na hata mtoto anajua kazi yake nyingine. Ukimkosea mtu vibaya, ukamwendea na jani la isale limefungwa fundo, umeyaweka maisha yako mikononi mwake na yeye hawezi kukurudisha mikono mitupu. Mzee Elimringi alivunja jani, akalifunga, akarudi nalo akilishika kwa mikono miwili. Mtu wa miaka sabini na sita, bila koti, kwenye ile baridi, akasimama mbele ya kijana ambaye yeye mwenyewe alikuwa msimamizi wake wa ubatizo.

Eliudi aliinuka kwa heshima. Hakulikataa, lakini hakulishika pia.

"Mimi nilishakusamehe, baba," alisema. "Lipeleke nyumbani, kwa Elisifa."

Basi tukaenda, wote, maana nyumba ya mwinjilisti iko hatua chache nyuma ya kanisa. Njiani Wenseslaus hatimaye alinielewa nilichokuwa nikimvutia suti, akasimama katikati ya njia mdomo wazi. Niseme hapa hapa kwamba wiki iliyofuata alilichomelea bomba vizuri kwa bati jipya, akaziba tundu la gia kwa raba, na Mama Loveness akamtumia debe zima la mbege kumshukuru. Alinusa, akafunga mfuniko. Anasema inanukia ekzosi, na hadi leo hajaweza kuinywa.

Elisifa alikuwa mlangoni. Koti la Eliudi la siku za kazi lilikuwa kwenye kamba, linadondosha maji. Mzee Elimringi alimweleza kila kitu, hakuacha hata lile la kutoomba ruhusa, kisha akampa jani. Elisifa alilipokea, akamshukuru Mzee, akamkaribisha ndani. Lakini yeye hakuingia. Alibaki kizingitini akiligeuza lile jani, akiangalia kamba ya nguo.

Kisha akamwendea mumewe, akapiga goti kidogo, akampa lile jani kwa mikono miwili.  Eliudi alilichukua, akamwinua.

Mimi sikuweza kusimama pale. Nilikumbuka nilivyoinama na birika kumnusa, ndugu yangu wa damu, na nilivyorudi jikoni bila kumwangalia. Nikajitoa kimya kimya, nikazunguka nyuma ya nyumba hadi kwenye ua wa isale, nichume jani la kwangu. Nilipofika nikawakuta wazee wanne wa baraza wametangulia, wanavunja bila kutazamana, na majani ya chini yalikuwa yameshakwisha.